Ukurasa wa Kifafa

4 Machi

Mdogo wangu Koma,

Huku sote wazima isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyenifanya nichukue kalamu. Kwenye simu mimi na wewe huishia kutaniana, na hili si la utani.

Jumamosi iliyopita asubuhi wasichana walikuwa wanafua kwenye mabomba nyuma ya bweni la pili. Kati yao kuna mmoja wa kidato cha pili ambaye shule nzima inamwita Chiriku. Ana kifafa. Kilimshika mara moja mwezi wa kwanza na wenzake wakakimbia wakipiga mayowe. Safari hii hawakukimbia. Kiranja wa bweni, binti wa kidato cha nne, alikuwa amejiandaa kabisa. Alitoa kijiko mfukoni, akauviringishia mpini leso, akaupenyeza kwa nguvu katikati ya meno ya mwenzake. Meno mawili ya mbele yakavunjika na kipande kimoja kikaingia kwenye njia ya hewa. Muuguzi wetu alimkimbiza hospitali kwa gari la mkuu wa shule, mtoto midomo imegeuka rangi ya bluu. Kipande kilitolewa. Yuko hai, bado yuko wodini, na tangu azinduke hajasema neno.

Kiranja alipoulizwa nani alimfundisha hayo, alisema amesoma kwenye kompyuta ya shule, kwenye Jamvi. Bila shaka unalijua, ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaingia, anaandika, anaondoka, bila jina wala cheo. Wanafunzi wanalitumia kwa kila kitu, tangu vita vya zamani mpaka mzunguko wa damu. Walimu wamelalamika kwa miaka mingi. Sasa bodi ya shule itakaa tarehe kumi na nane Aprili kuamua kama Jamvi na tovuti za namna hiyo zifungwe kwenye kompyuta zote za shule. Mkuu wa shule amenipa mimi kazi ya kuandika ripoti pamoja na orodha ya tovuti za kufunga.

Maoni yangu ni kwamba zifungwe. Miaka ishirini na sita nimekuwa mkutubi hapa, na kitabu hata kiwe kibovu vipi kina mwandishi, kina mchapishaji, kuna wa kumlaumu. Lakini wewe kazi yako ni kusahihisha maandishi ya watu kabla hayajachapwa, kwa hiyo nataka nisikie unasemaje kabla sijaanza.

Lile gari lilipotoka getini nilimkumbuka kitinda mimba wetu Pengo alivyokuwa akianguka jikoni tukiwa wadogo, na mama akituita kwa sauti. Msalimie Pengo. Mwambie nina viatu vya kahawia vinavyomsubiri avitie soli.

Dada yako

12 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako nimeipata jana, nikaisoma mara tatu, na kwanza niambie huyo mtoto anaendeleaje, amekula, amesema, madaktari wanasema lini atatoka. Hilo kwanza. Kila ukipata habari yake niandikie, hata mstari mmoja.

Kuhusu kufunga, mimi sikubaliani nawe. Unasema kitabu kina wa kumlaumu. Dada, mimi ndiye nakaa mahali ambapo vitabu vinatokea. Mwaka jana tulichapa kitabu cha jiografia, nakala elfu nane, na ukurasa wa sitini na mbili ulikuwa umepoteza mstari mmoja, kwa hiyo mto ulikuwa unapanda mlima. Niliuona vitabu vikiwa vimeshafungwa kwenye maboksi. Meneja akasema, "Wanafunzi wataelewa tu." Maboksi yakaondoka. Mto huo utapanda mlima miaka kumi, mpaka kitabu kichakae. Kwenye Jamvi kosa likionekana linafutwa siku hiyohiyo. Ukurasa wa kifafa, kwa mfano, nimeona umesharekebishwa tangu tarehe nane, sasa unasema wazi kwamba mgonjwa asiwekewe kitu chochote mdomoni.

Halafu mkifunga, wasichana wataenda kusoma wapi? Watasoma kwenye simu za dada zao wakati wa likizo, bila mwalimu, bila mkutubi wa kuwauliza, umetoa wapi hilo. Na wengine hawana kitabu hata kimoja nyumbani. Aliyeandika ule ukurasa huenda hakuwa na nia mbaya. Huenda aliona hakuna kitu kilichoandikwa kwa lugha yetu, akaandika alichokijua.

Nikuulize, mna nakala ya ukurasa ulivyokuwa? Na huyo kiranja, wamemfanya nini?

Pengo anakusalimu. Anasema viatu vya kahawia ni vile vilevile vya mwaka juzi na alishakwambia uvizike.

Mdogo wako,
Koma

20 Machi

Mdogo wangu,

Chiriku ametoka hospitali, yuko kwao. Amesema maneno machache kwa mama yake. Ameshapimiwa meno ya bandia.

Ripoti nimeikabidhi. Kurasa tatu, na orodha ya tovuti kumi na nne, Jamvi likiwa la kwanza. Kiranja amerudishwa nyumbani mpaka bodi ikae. Mitihani ya mwisho ya kidato cha nne ni mwaka huuhuu, na kama bodi itamfukuza hataifanya hapa, na sijui kama ataifanya popote. Kosa lake halikuwa kijiko peke yake. Mkuu wa shule alimwambia, "Tumewafundisha kuhakikisha habari mahali pawili kabla ya kuiamini." Yeye akajibu kwamba alihakikisha, kwamba alikuta maneno yaleyale kwenye kitabu cha maktaba. Mkuu wa shule akaniuliza mbele yake. Nilisema kitabu kama hicho hakipo kwenye rafu. Kwa hiyo sasa anahesabiwa mwongo pia, na kwa mkuu wetu uongo ni mbaya kuliko ujinga.

Sasa tuje kwako. Umeuliza kama tuna nakala ya ukurasa ulivyokuwa. Tunayo, mkuu wa shule aliuchapisha Jumatatu ile kabla haujarekebishwa, nami sikuwa nimeusoma mpaka wiki hii. Nanukuu: "Achukuliwe mwiko mdogo, wa mti, uliofungwa kitambaa safi, uingizwe kwa pembeni ya mdomo, na mtu wa pili, amshike mgonjwa visigino, mpaka atulie."

Nimefanya kazi na vitabu muda mrefu, Koma. Sijaona popote duniani mgonjwa wa kifafa akishikwa visigino, ila jikoni kwa mama yetu, na aliyekuwa akivishika ni mimi. Na sijui mtu mwingine anayemwaga mikato namna hiyo. Baba hakukupa jina hilo bure.

Nijibu moja tu. Ni wewe?

Dada yako

27 Machi

Dada,

Ni mimi.

Nilianza Jamvi miaka minne iliyopita, wakati wa chakula cha mchana kazini, kwa kusahihisha herufi tu. Mtu kaandika "mazara" akiwa na maana ya "madhara", natengeneza, naendelea. Baadaye nikaanza kuandika kurasa. Nimeandika zaidi ya mia moja, Dada. Gundi inavyotengenezwa. Karatasi. Kobe. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungesema, nani kakupa kibali. Lakini nilikuwa naona fahari. Kazini nasahihisha maneno ya wengine siku nzima na hakuna anayejua nipo, na pale watu elfu tatu walikuwa wamesoma ukurasa wangu wa kobe.

Ukurasa wa kifafa ulikuwa haupo kabisa. Mtu aliandika kwenye ubao wa maombi kwamba mwanawe anaanguka na hapati maelezo kwa lugha anayoielewa. Nikakaa nikaandika. Sikutafuta popote. Nilijiambia, mimi nimekua na mgonjwa nyumba moja, nani ananishinda. Wasimamizi wa Jamvi wakabandika alama juu ya ukurasa, "maelezo haya hayana chanzo". Ilikaa karibu mwaka. Halafu siku moja niliiondoa mwenyewe. Sikuweka chanzo, niliondoa alama tu, kwa sababu ilikuwa inachafua ukurasa. Hiyo ndiyo sehemu inayoninyima usingizi. Kama alama ingekuwepo, huyo binti angeiona.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilikuwa nimeshaurekebisha kwa siku tatu. Tarehe saba nilimpeleka Pengo kliniki kuchukua dawa, na ukutani kulikuwa na bango jipya la huduma ya kwanza. Nikamuuliza muuguzi, "Na mwiko je?" Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama moto unaunguza. Akasema, "Hakuna mwiko. Hakuna kijiko, hakuna kidole, hakuna maji. Hashikwi mikono wala miguu. Unaondoa vitu vya kumuumiza, unaweka kitu laini chini ya kichwa, unamlaza ubavu, unatazama saa. Zikipita dakika tano, mlete." Nikarudi, kesho yake nikafuta. Nikadhani nimewahi. Halafu barua yako ikaja na kumbe nilikuwa nimechelewa kwa wiki nzima.

Siku ile ya kliniki nilirudi na Pengo. Njiani nikamuuliza kama amesikia. Akasema, "Nimesikia. Mimi nilikuwa najua." Nikasema unajua nini. Akasema, "Haya meno hayakutolewa na ugonjwa. Yalitolewa na mwiko. Nilikuwa nazinduka mdomo una vipande vya mti." Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Akasema, "Ningemwambia nani, mama? Kila nikifungua macho nilikuwa namkuta kaushika huku analia."

Hilo tu, halafu akaanza kuzungumza habari za ngozi ya viatu ilivyopanda bei.

Nitamwandikia mkuu wako wa shule. Nitaandika jina langu lote na la baba. Sitaki binti wa watu afukuzwe kwa ajili ya kitu nilichokiandika huku natafuna.

Lakini nina jambo la kukuuliza. Unasema alidai amekuta maneno yaleyale kwenye kitabu, nawe ulijibu kwamba hakipo kwenye rafu. Dada, nakujua. Unaweza kuniambia kitabu fulani kiko mkono gani wa kabati ukiwa umefumba macho. Mtu mwingine angesema "hatuna". Wewe umesema "hakipo kwenye rafu". Kipo wapi?

Koma

2 Aprili

Kwa Mama Mkutubi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kazi inaendelea vizuri. Mimi sijambo. Niko kwa shangazi yangu, namsaidia saluni asubuhi na nasoma mchana. Nimemaliza kurudia kemia yote na nusu ya biolojia.

Naomba radhi kukuandikia bila ruhusa ya mkuu wa shule. Sijui kama inakatazwa mtu aliyerudishwa nyumbani kuandika barua kwa shule.

Ninaandika kuhusu kile kitabu. Nimejaribu kukikumbuka vizuri ili iwe rahisi kukitafuta. Jalada ni la kijani, kona ya chini imetafunwa na panya au mende. Jina sikumbuki lote, lakini lilikuwa na neno "Nyumbani". Ndani kuna picha ya mwanamume wa kaptura amelala chali, na mwingine amepiga magoti anamwekea kijiti mdomoni. Nilikisoma meza ya dirishani, Alhamisi, wiki ile ya michezo. Nilikuja kukuuliza kama kuna kitabu cha mambo ya kuanguka, ukaenda nyuma ukanipa kwa mkono wako. Najua unahudumia watu wengi kwa siku na huwezi kukumbuka kila mmoja.

Mama, siandiki ili unitetee. Mkuu wa shule ameshaamua mimi ni mtu wa namna gani, na kwa kweli meno yale nimeyavunja mimi, sio kitabu. Nilisikia yalivyolia. Ila ninawaza kwamba kama kitabu bado kipo maktaba, kuna siku mtu mwingine atakisoma kama nilivyokisoma mimi, atakiamini kama nilivyokiamini. Tafadhali kitoe, hata kama hutamwambia mtu.

Msalimie Chiriku akirudi. Nimemwandikia, hajanijibu, na simlaumu.

Mwanafunzi wako,
Kiranja wa zamani, bweni la pili

6 Aprili

Koma,

Kipo kwangu. Kabatini, chini ya mashuka.

Nakuwekea barua ya huyo binti ndani ya bahasha hii uisome. Nami nikueleze yaliyokuwa, kwa sababu nimekuandikia barua mbili bila kukuambia lolote la kweli juu yangu, na katika ya pili nikakuhoji kama hakimu.

Nilimkumbuka. Nilimkumbuka tangu Jumamosi ileile, gari halijafika hospitali. Ni wanafunzi wangapi wanakuja maktaba kuuliza kitabu cha kumsaidia mwenzao? Nilienda Jumapili asubuhi wakiwa kwenye ibada, nikafungua, nikakuta ule ukurasa. Ukurasa wa arobaini na moja. Kitabu kina umri mkubwa kuliko miaka yangu kazini. Muuguzi wetu alishanipa orodha ya vitabu vya afya vilivyopitwa na wakati, nivitoe. Vilikuwa kumi na tisa. Ningevitoa, rafu nzima ingebaki mbao tupu, na wageni wa wizara walikuwa wanakuja. Nikaviacha. Orodha yake niliiweka mahali pazuri, halafu nikaisahau kwa miaka sita.

Kwa hiyo Jumapili ile nilikiweka kwenye mkoba. Sikuwa na mpango. Nilijiambia ninakiondoa tu, kama nilivyotakiwa kufanya zamani. Jumatatu kiranja akataja Jamvi, na kila mtu akageukia Jamvi, nami nikaona njia imefunguka. Nikaandika kurasa tatu jinsi tovuti zinavyopotosha watoto. Kila neno ndani yake ni la kweli. Nilipoulizwa mbele ya yule binti, alinitazama akisubiri, na nikatoa ile sentensi uliyoikamata wewe.

Wewe ulikosea bila kujua. Mimi nilijua.

Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nilikuwa ninaihesabu. Nikueleze tu ili ujue nilikuwa nawaza nini, si kwamba ni sababu.

Nitakipeleka kwenye bodi. Nilitaka kwenda leo kwa mkuu wa shule, lakini amesafiri kikazi mpaka siku yenyewe, na jambo hili sitaki kulisema kwa simu. Binti nimeshamjibu. Nimemwambia kitabu ninacho, nilikificha, na siku ya bodi aje na shangazi yake.

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Nimesoma. Pengo naye nimemsomea, hasa barua ya yule binti. Akaniambia, "Huyo msichana wasimwache aende." Ni mara ya kwanza kusikia Pengo ana maoni juu ya shule.

Barua yangu kwa mkuu wa shule nimeituma jana kwa basi, itafika kesho. Nimeeleza yote, na alama niliyoiondoa nimeitaja. Sijaomba Jamvi liachwe. Nilikuwa nimeandika aya nzima ya kulitetea, nikaikata, kwa sababu mwenye kosa akianza kutoa hoja hasikilizwi.

Nilikukasirikia siku moja nzima. Nilikuwa nimekaa hapa najiona muuaji, wewe unaniletea maswali ya polisi, na kitabu umekilalia. Imepita. Nenda kaseme. Wakikufukuza njoo huku, chumba cha mbele kiko wazi, ila maboksi ya kalenda za kiwandani yaliyomo utayavumilia.

Koma

19 Aprili

Mdogo wangu,

Bodi ilikaa jana ofisini kwa mkuu wa shule. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja kwenye meza ya watu wanane. Mwenyekiti ni mzee mstaafu wa reli, anaendesha mkutano kama ratiba ya treni. Kiranja na shangazi yake walikaa kwenye benchi karibu na mlango, mama yake Chiriku akakaa upande wa dirisha, peke yake.

Barua yako ilisomwa kwanza. Mwalimu wa historia akasema, "Mnaona? Msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji anaandika habari za magonjwa. Tufunge tumalize." Watu wakaafiki. Mkuu wa shule akanipa nafasi niwasilishe ripoti yangu.

Nilisimama, nikatoa kitabu kwenye mkoba, nikakiweka mezani kikiwa wazi ukurasa wa arobaini na moja. Nikasema, "Huyu aliyeandika ni mdogo wangu wa damu. Na hiki ndicho kitabu binti alichosema. Nilimpa mimi. Baada ya ajali nilikichukua nikakificha. Hakusema uongo. Aliyesema uongo ni mimi."

Kitabu kikazungushwa meza nzima, kila mtu akimtazama yule mwanamume wa kaptura. Mkuu wa shule alikifunga kilipomfikia. Akasema, polepole, "Nilikuuliza mbele ya mtoto." Nikasema ndiyo. Akasema tena, "Mbele ya mtoto, Mkutubi."

Halafu wakaanza kubishana. Mmoja anasema basi na maktaba ifungwe. Mwingine anasema kitabu kimoja kibovu si sawa na mtandao mzima. Mwenyekiti anagonga kalamu. Ndipo mama yake Chiriku akanyoosha mkono, kama mwanafunzi. Ni mshonaji wa sare, mwanamke mdogo wa umbo. Akasema, "Mimi sikuja hapa kutafuta wa kufukuzwa. Mtoto wangu anataka kurudi shule, na ameniambia nimletee yule kiranja wake salamu. Nauliza tu. Akianguka tena Jumatatu, mtafanya nini?"

Koma, tulitazamana. Wote tuliokuja kubishana kuhusu ukurasa, na tuliosoma ripoti yangu ya kurasa tatu, hatukuwa tumejiuliza hilo. Mimi jibu nililijua kutoka barua yako, lakini sikuona kama ni haki yangu kusema. Mwalimu wa historia alisema, "Si tunamwita muuguzi?" Yule mama akasema, "Na muuguzi akiwa mjini?" Akaitwa muuguzi kutoka zahanati, akaeleza kwa dakika chache, yaleyale uliyoniandikia. Mwenyekiti akayaandika kwenye daftari lake. Na wengine nao wakatoa kalamu.

Maamuzi ni haya. Kiranja anarudi kesho bila adhabu, na mkuu wa shule amemwomba radhi palepale, mbele ya wote, kwa kutomwamini. Jamvi halikufungwa, kura sita kwa tano. Ila hakuna kompyuta itakayofunguliwa bila kipindi cha maktaba kila wiki, kila darasa, wasichana wafundishwe kufuata neno mpaka lilikotoka, liwe la kitabu au la mtandao. Vitabu kumi na tisa vinatoka. Muuguzi atafundisha shule nzima, walimu wakiwemo.

Mimi nimepewa barua ya onyo. Muhula huu ukiisha naondoka maktaba, nahamia stoo ya madaftari mpaka nitakapostaafu. Hivyo vipindi nitavifundisha mpaka siku ya kuondoka, kwa sababu hakuna mwingine. Mkuu wa shule alisema, "Sasa angalau unajua unachofundisha." Sikujua kama ananitukana au ananisaidia, na nadhani naye hakujua.

Nilipotoka nje kiranja alikuwa ananisubiri kwenye ngazi. Nilikuwa nimeandaa maneno. Akaniwahi, akasema, "Ahsante kwa kukitoa." Akapokea mkoba wangu, tukatembea mpaka getini.

Kwako nitakuja likizo, kwa kutembea tu. Kalenda zako zipange vizuri.

Dada yako

11 Juni

Koma,

Nina habari, na nina kazi ya kukupa.

Jana kipindi cha tatu nilikuwa na kidato cha pili maktaba. Chiriku alikuwa meza ya katikati. Amerudi tangu mwisho wa Aprili na meno yake mapya, anajizoeza kucheka nayo. Wasichana walikuwa wanatafuta chanzo cha sentensi moja kuhusu nyuki, wametawanyika, wengine kwenye kompyuta, wengine kwenye rafu. Nikasikia kiti kinaanguka.

Alikuwa sakafuni, ameshikwa. Na nikuambie kweli. Barua zako nimezisoma, muuguzi nimemsikiliza mara mbili, mtihani wa huduma ya kwanza nimeutunga mimi mwenyewe. Lakini mkono wangu ulienda mezani ukachukua rula ya mbao. Sikuutuma. Nilikuwa nimeshainama, na mkono wa kushoto unatafuta visigino vyake.

Binti mmoja, mnyamavu, anayekaa nyuma siku zote, akasema, "Mama, hapana." Hakupaza sauti. Akaniondolea rula mkononi kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu, akaiweka juu ya rafu. Wengine walikuwa wameshavuta viti. Mmoja alivua sweta akalisukuma chini ya kichwa. Mmoja amesimama chini ya saa ya ukutani, anahesabu kwa sauti, "Dakika moja. Moja na nusu." Mtetemeko ulipopungua wakamlaza ubavu. Mimi nilikaa sakafuni karibu naye, mikono nimeikalia.

Dakika tatu na nusu. Sijawahi kukaa muda mrefu namna ile.

Alipofumbua macho alitazama dari, akatutazama sisi. Akauliza, "Nimeanguka?" Nikasema umeanguka. Akapitisha ulimi kwenye meno, yote yapo. Akauliza kama kengele imelia. Hatukuwa tumeisikia. Muuguzi alikuja, akampima, akasema apumzike, na darasa likarudi kwa nyuki.

Kazi yako ni hii. Nimeusoma ukurasa wako ulivyo sasa. Ni mzuri, una vyanzo vinne na nimevifuata vyote, vimekaa sawa. Lakini umeandika mambo ya kutofanya kana kwamba kutofanya ni rahisi. Naomba uongeze sentensi moja, kwamba mtu aliyekua karibu na mgonjwa atasikia mikono yake inataka kushika kitu, na kwamba awe na mtu wa pili karibu wa kumzuia.

Usiiweke kwa sababu nimesema mimi. Mpeleke Pengo kliniki wiki ijayo, muulize yule muuguzi kama ni sahihi na kama kuna mahali imeandikwa. Akisema si sahihi, iache.

Nasubiri jibu lake.

Dada yako